Sitaki Sura ya Saba

Richfield, Minnesota
7 Oktoba 2014

Baba Maureen,

Umefika salama? Nakuandikia kama tulivyokubaliana. Kwenye simu tunaanza na habari za mtoto, tunaishia kwa benki, na tukifika kwa benki mmoja wetu anakata. Karatasi haikati. Acha tujaribu hii.

Jioni nikitoka hospitali nilisinzia kwenye treni. Nikaota nyumba yetu imeng'oka polepole, bila kelele, ikawa inapaa nyuma ya zile ndege zinazotupita juu ya paa kila siku. Mimi nilikuwa nimeshika mfereji wa maji wa ukingo wa paa, miguu inaning'inia, nakuita unipe mkono, na wewe uko chini unakusanya majani makavu kwa reki wala huinui kichwa. Nilipozinduka nilikuwa nimepita kituo changu. Mzee mmoja Mzungu aliyekaa mbele yangu akanipa kitambaa. Sijui kama nilikuwa nalia au ni mate tu.

Msimamizi wa korti amepokea malipo ya mwezi huu. Najua unaniona mbishi, Jotham. Lakini siisahau siku ile kwa wakili, wewe na ile suti yako ya harusi, na mgongo wako ulioumia kazini ungali unakuuma, alivyotueleza kama watoto wa darasa la kwanza. Kwamba mtu akifilisika huku, kesi yake inaweza kwenda kwa sura mbili. Sura ya Kumi na Tatu, unalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano, korti inakusimamia, nyumba inabaki yako. Sura ya Saba, madeni yanafutwa upesi, lakini nyumba kama yetu, ambayo tumechelewa kuilipia, benki inaichukua. Nilikufinya chini ya meza, nikajibu kwa niaba ya sisi wawili. Kumi na tatu. Na ndiyo maana leo wewe uko North Dakota unaendesha lori la maji kwenye visima vya mafuta, na mimi niko hapa nageuza wagonjwa vitandani. Sijasahau ni nani aliyechagua.

Sasa cheka kidogo. Unajua Mama alivyoniuliza kwa nini hatujaenda nyumbani tangu mwaka juzi. Safari hii nilitaka kumwambia ukweli, wallahi nilitaka. Na kwa kuwa ukimchanganyia Kizungu anakurudishia barua imejaa wino mwekundu kama daftari la mtoto mzembe, nikatafsiri. Nikamwandikia, "Mama, tumebanwa na Sura ya Kumi na Tatu, mpaka mwaka elfu mbili na kumi na nane." Nikaishiwa nguvu hapo, nikafunga bahasha. Basi amenijibu kwa furaha isiyo kifani. Amedhani ni Maandiko! Amedhani kanisa letu limejifunga kuisoma ile sura ya upendo, ile inayosomwa harusini, miaka mitano mfululizo. Wundanyi nzima inajua. Picha ya nyumba yetu ameitundika sebuleni, na sasa anawaambia wageni kwamba humo ndani watu wanasoma Neno.

Sikumsahihisha. Ungemsahihisha wewe?

Maureen anakusalimu. Nimemwambia akuandikie kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kizungu kwamba atafikiria.

Wako,
Dinah


Kambini, karibu na Williston
23 Novemba 2014

Mama Maureen,

Salamu nyingi kama mchanga, ingawa mchanga wa huku umeganda wote.

Hapa hakuna giza. Kila kisima kina bomba, na juu ya bomba moto wa gesi unawaka mchana na usiku, kama jua lililokataa kwenda kulala. Nimetundika blanketi dirishani lakini wapi, rangi ya machungwa inacheza ukutani vilevile. Nikifumba macho naona niko Vihiga, mama anapuliza kuni, mvua inanyesha. Nikifumbua, ni Mmeksiko wa kitanda cha juu anaongea na mkewe ndotoni. Anamwambia maneno matamu sana. Sielewi hata moja lakini namwonea wivu. Usingizi wenyewe nimeusahau, Dinah. Nalala kama kuku, jicho moja.

Bei ya mafuta inashuka. Bosi ametuambia baada ya Krismasi watu watapunguzwa, na magari pia. Wengine wanasema Texas bado kuna kazi. Nikienda Texas tutaendelea kulipa, na wewe utaendelea kuota unapaa.

Nakuuliza polepole, na karatasi haikati. Hiyo nyumba tunaipigania ili alale nani? Mwaka huu mimi nimelala humo kama mgeni wa harusi. Nilikuja, nikala, nikaulizwa naondoka lini. Wakili alisema tuna ruhusa ya kubadili kesi wakati wowote. Tuhamie Sura ya Saba, waichukue, nirudi tupange vyumba viwili mahali. Mimi ndivyo ninavyotaka. Nimelisema.

Na Mama umwambie. Mficha uchi hazai. Ningemwambia mimi, lakini namwogopa kuliko korti.

Jotham


Wundanyi
11 Januari 2015

Mwanangu mpenzi Dinah,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya, ingawa salamu zako za Krismasi zimefika zimechoka kama aliyekuja kwa miguu. Umeandika "nashkuru". Ni nashukuru. Amerika hakuna irabu?

Mwenyezi Mungu awabariki nyote. Mimi mzima, isipokuwa masikio. Simu siisikii tena, ni kama watu wanaongea ndani ya mtungi. Afadhali barua. Barua naisoma asubuhi, naisoma jioni, na haisemi "Mama, mtandao unasumbua."

Siku hizi ukungu haupandi mpaka saa nne. Juzi niliota uko kwenye mlango wa ile nyumba yenu, madirisha mengi, yote yanawaka taa. Ulikuwa unaniita. Mdomo unakwenda, sauti haitoki. Nikakuambia, "Paza sauti, mwanangu!" Ukazidi kuita na mimi nikazidi kutosikia. Nimeamka nikajicheka. Kumbe hata ndotoni mimi ni kiziwi!

Ile habari ya Sura ya Kumi na Tatu nimeifikisha kwa Umoja wa Akina Mama. Wameshangaa. Sura moja miaka mitano! Mwenyekiti wetu, unamjua, huwa anataka tumalize waraka mzima kabla chai haijapoa. Nikawaambia, Wazungu hawana haraka, wanatafuna neno kama muwa. Basi nasi tumeanza. Tunasoma aya moja, tunakaa nayo wiki nzima. Mwanangu, sijawahi kuomba hivi tangu baba yako afariki. Nikifika mahali pa uvumilivu ninakuona wewe na Jotham mmekaa meza moja, Maureen katikati, mnasoma. Yule mkwe wangu, Mluhya wa ugali mrefu, kumbe ana subira ya Neno! Mpe pongezi zangu.

Niambie mmefika wapi. Nataka tuende sambamba.

Mama yako,
Margaret


Ndani ya treni
24 Februari 2015

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nikiwa safarini, herufi zikiyumba usiziweke wino mwekundu, ni reli. Nimechoka sana. Nje theluji inaanguka kwa upole, treni inakwenda kama haigusi chini, na joto la humu ndani linanibembeleza. Naona mji kwa kioo halafu naona uso wangu juu ya mji, halafu sijui ni kipi kiko nje.

Samahani nimechelewa kujibu. Nilikuwa kwa wakili. Umeuliza tumefika wapi. Mama, tunatakiwa kutoka Sura ya Kumi na Tatu tuingie Sura ya Saba. Jotham ndiye anayeitaka. Kazi yake inakwisha na anasema amechoka, hawezi tena kuishi hivi. Wakili anasema ni hiari yetu, ni kutia sahihi tu. Mimi sitaki. Sitaki Sura ya Saba, Mama. Nimepigana mno. Nimemwambia afadhali aende Texas.

Niombee. Kituo change kimefika. Kimepita. Basi.

Dinah


Wundanyi
16 Machi 2015

Mkwe wangu Jotham,

Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha ya kadi ya Krismasi uliyonitumia. Najua desturi. Kwenu mama mkwe na mkwe hata mkono hawapeani, na kwetu pia kuna maneno ambayo mimi sipaswi kukuambia. Lakini nyumba ikiungua, anayepita uchi hachekwi.

Nimepata barua ya Dinah. Imeandikwa kwa mkono unaotetemeka, na "changu" ameandika "change", mtoto niliyemfundisha mwenyewe! Nikajua yuko taabuni. Anasema mnatoka Sura ya Kumi na Tatu mnaingia Sura ya Saba. Mimi ni mwalimu, sikukurupuka. Nilichukua miwani, nikafungua waraka ule ule wa sura ya upendo, nikarudi nyuma polepole, kumi na mbili, kumi na moja, mpaka saba. Nikasoma. Habari za mke na mume, na kuachana kwao. Nikafunga. Nikaenda nje nikakaa na kuku.

Jotham, unamwacha mwanangu?

Usinijibu kama mtu wa mjini. Ameandika kwa mkono wake kwamba wewe ndiye unayeitaka. Kwamba wewe umechoka, huwezi tena kuishi hivi. Kwamba mmeshafika kwa wakili na imebaki sahihi tu. Na kwamba yeye amesema afadhali wewe uende Texas, jambo ambalo mke hasemi mpaka moyo umekufa ganzi. Mtu anatoka kwenye upendo anarudi nyuma kwenye talaka, tena kwa utaratibu, sura kwa sura! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ulipokuja kuoa nilikuwa wa mwisho kukubali, kwa sababu ya umbali. Nikakubali siku ile ulipochukua jembe bila kuombwa ukalima shamba la migomba mpaka jua likachwa, umevaa viatu vya kanisani. Nilisema, huyu haachi kitu katikati. Je, nilikosea?

Jumapili nilisimama kanisani mbele ya watu wote, nikaomba maombi kwa ajili ya ndoa ya mwanangu. Sijawahi kusimama hivyo. Nililia hadharani, mimi niliyewachapa nusu ya hao watu darasani. Sijali. Waseme watakavyo. Kama bado kuna neno moja jema kati yenu, mkwe wangu, lishike. Nakuomba kwa magoti ambayo hayapigiki tena.

Mama Margaret


Kambini
5 Aprili 2015, Pasaka

Mama,

Nakuamkia kwa heshima zote. Barua yako imenikuta nimelala mchana. Nilianza kuisoma nikacheka mpaka yule Mmeksiko akauliza kuna nini. Halafu nikafika pale pa viatu vya kanisani, nikaacha kucheka.

Simwachi Dinah. Naapa kwa kaburi la baba yangu. Hizo sura si za Maandiko, Mama. Ni za sheria ya huku. Sheria yao ya kufilisika imegawanywa kwa sura kama kitabu. Tumefilisika. Nimeliandika kwa sababu Dinah hakuweza. Nilipoumia mgongo kazini mshahara ulikatika, nyumba tukachelewa kuilipia, na hospitali nayo ikatudai. Tuliingia Sura ya Kumi na Tatu ili tusipoteze nyumba. Sasa kazi yangu inakwisha, hatuwezi. Sura ya Saba ni kuachilia. Nyumba itakwenda, madeni yatakwenda, sisi tutabaki. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Kuhusu kuishi hivi, nilichokichoka ni hii kambi.

Hakukudanganya kwa ubaya. Picha iko ukutani kwako, akashindwa.

Lakini Mama, nitakwambia na jingine, maana umeniambia nisijibu kama mtu wa mjini. Barua yako nimeirudia. Na kila nikiirudia naona kana kwamba hukukosea sana. Nilipomwambia Dinah nirudi nyumbani, aliniambia niende Texas. Yeye anasema ni kwa ajili ya nyumba, na najua anasema kweli. Lakini mtu akiambiwa hivyo mara nyingi, akiwa peke yake mahali pasipo na usiku, anaanza kujiuliza kati yake na ile nyumba ni yupi aliyemwoa Dinah. Sijamwambia hivi. Naona haya. Nampenda mwanao kuliko nilivyompenda siku ile ya migomba, na sijui kama ananitaka nyumbani.

Bosi ametubakiza wachache mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo ni basi la kusini au basi la mashariki, la kurudi nyumbani. Tiketi ya Texas nimeshaulizia.

Utuombee, lakini sasa ombea jambo lenyewe.

Mkweo,
Jotham


Richfield
14 Aprili 2015

Jotham,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Jumamosi nimesikia mlango unagongwa. Nimefungua, naona Mchungaji Zachariah, amevaa kola, na wazee wawili wa kanisa, na nyuma yao akina mama wamebeba masufuria kama msibani. Wameingia, wameketi, wameimba ubeti mmoja. Mimi nimesimama na taulo kichwani. Nikadhani umekufa. Jotham, kwa muda ule mdogo walipokuwa wanaimba, nilijua kabisa umekufa, kwamba lori lako limepinduka kwenye barafu na hawa wametumwa kuniambia. Nikakaa sakafuni.

Kumbe wamekuja kutupatanisha! Mama alisimama kanisani Wundanyi, mtu fulani akamwandikia dada yake wa huku Brooklyn Park, dada akaweka kwenye kikundi cha simu cha kanisa, na habari ikawa nimekataa kuachika. Ukiwaza kwamba jibu la Mama kwa barua yangu halijafika mpaka leo! Nilipoelewa, nilicheka na kulia pamoja, wakadhani pepo. Mchungaji akaanza kukemea.

Walipotulia akaniuliza, "Dada Dinah, mumeo yuko wapi?" Nikamjibu, "Yuko North Dakota, anaitafutia nyumba pesa." Sikusema anatutafutia. Nimejisikia nikisema. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi, na labda Mama Nyiraneza, yule Mkongomani anayesafisha vyumba kule hospitali kwetu. Yeye hakuwa anaomba. Alikuwa anazungukazunguka anashika kuta, unajua ninavyozima joto ili kupunguza bili, ana shali mbili mabegani. Akaniambia, "Nyumba ni muzuri, dada. Lakini iko na baridi." Nikamwambia ukweli wote pale pale, mbele ya kola na masufuria, kwamba hakuna talaka, kuna kufilisika, na kwamba nisipotia sahihi wewe utakwenda Texas. Wazee wakatazama viatu vyao. Mama Nyiraneza akasema, "Siye tuliacha nyumba ya Masisi, tukaacha ya Rutshuru, tukaacha ile ya kambi. Manyumba tuliacha mingi. Bwana, hapana. Huyo nilimushika mukono." Halafu akaenda kupakua maharagwe.

Nilikula, Jotham. Nilikula sahani mbili nikiwa sakafuni.

Usiku ule sikuota nyumba inapaa. Niliota tu unaosha vyombo, maji yanatiririka, umenipa mgongo, na mimi sina neno la kukuambia wala hulihitaji. Nimeamka nina hasira na nafsi yangu kiasi cha kuuma shuka. Nilikuwa nimejiambia napigania nyumba yetu. Mwanamke anapigania nyumba yetu akiwa anamfukuza mtu mmoja kati ya wawili! Wewe ulilisema wazi tangu Novemba, nikajifanya sijaona. Siwezi kurekebisha hilo kwa barua.

Leo nimekwenda kwa wakili. Nimetia sahihi. Tunatoka kumi na tatu, tunaingia saba. Karatasi yako imo humu, tia sahihi palipo na alama, uitume moja kwa moja kwake. Anasema msimamizi mpya atatuita kwenye kikao kifupi huko mjini, tutaapa, tutajibu maswali, basi. Benki ikishaiuza nyumba kwa mnada, sheria ya Minnesota inatuacha humu miezi sita kabla ya kutoka. Kuna vyumba vya kupanga Inver Grove Heights, karibu na mto, na Maureen ameshasema anataka kitanda cha juu.

Usiende Texas. Nakuomba. Sikuombi kwa sababu ya mtoto, wala kwa sababu ya Mama, wala kanisa. Nakutaka wewe. Ningekuambia kwa simu lakini nimeogopa utakata, na ningestahili.

Leo hii namwandikia Mama pia, kila kitu, bila tafsiri.

Dinah wako


Wundanyi
24 Mei 2015

Wanangu Dinah na Jotham,

Barua zenu zote mbili zimefika, ya Jotham kwanza, ya Dinah baadaye. Nimezipanga mezani. Nimezisoma kwa miwani na bila miwani.

Dinah, wewe mtoto! Umeniacha nikafundisha Umoja wa Akina Mama mzima sheria ya madeni ya Amerika, aya kwa aya, tukiifungia na kuiombea! Ningekuwa karibu ningekufinya sikio mpaka liwe kama langu. Ulidhani mimi nitaipenda picha kuliko wewe? Niliitundika kwa sababu wewe uko ndani yake, umesimama mlangoni, umevaa gauni la kijani. Nyumba yenyewe sikuwahi kuitazama vizuri, mpaka Alvin kaka yako aliponiuliza ina vyumba vingapi nikashindwa kumjibu.

Nimeumia, sitakuficha. Kufilisika ni neno zito. Usiku wa kwanza nilizunguka nyumbani nikishika viti vyangu kimoja kimoja, kana kwamba watu wa mnada wako njiani kuja kwangu. Halafu nikakumbuka wiki zile nilizodhani mmeachana, jinsi chakula kilivyokuwa mchanga mdomoni. Nikaona nimerudishiwa kitu kikubwa na nimenyang'anywa kidogo. Nikalala.

Lakini kulikuwa na kazi ya kufanya. Mimi ndiye niliyesimama kanisani, basi ilinipasa nisimame tena. Leo, Pentekoste, kanisa limejaa mpaka nje. Wakati wa shuhuda nimeinuka na fimbo yangu. Mchungaji akanitazama kwa huruma, akidhani naleta habari za mazishi ya ndoa. Nikasema, "Ndugu zangu, mliniombea kuhusu mwanangu na mumewe. Nimekuja kuwaambia kwamba hawaachani. Niliwasoma vibaya." Watu wanangoja, maana sauti yangu haikuwa imekwisha. Nikavuta pumzi. "Hawaachani. Wamefilisika tu!"

Wanangu, kanisa lilipiga vigelegele. Akina mama walisimama juu ya benchi. Mpiga ngoma akaanza bila kuambiwa. Watu wakawa wananikumbatia, "Hongera, Mwalimu, hongera, wamefilisika!" Hata mimi kiziwi nilisikia. Nadhani tangu dunia iumbwe hakuna kanisa lililoshangilia kufilisika kwa mtu namna ile. Mwenyekiti wetu, yule wa haraka, alilia kuliko wote. Watoto wake wawili wameachana kweli na wenzi wao, na mmoja ana nyumba ya ghorofa.

Jotham, mkwe wangu, wewe uliniambia jambo ulilolionea haya. Sikumwambia Dinah. Lakini amekujibu bila kuambiwa, nimeona katika barua yake kwangu, ukurasa wa tatu, ambao siurudii hapa kwa kuwa ni wa mke. Hukuacha kitu katikati. Nilisema.

Nyumba waichukue. Watu wa korti wakiuliza kama mmeficha mali yoyote, waambieni mna mama Wundanyi, wakimtaka waje wenyewe.

Sasa niandikieni upesi, maana barua inakwenda polepole na mimi nina jambo moja tu ninalolingoja. Jotham amepanda basi gani?

Mama yenu,
Margaret


Richfield
9 Juni 2015

Shikamoo Mama,

La mashariki.

Amefika jana mchana. Nilimpokea mjini, begi moja, ndevu kama za nabii. Maureen alimkimbilia akamwambia kwa Kiswahili, "Baba, umekuwa mwembamba," sijui alijifunza wapi. Nilimpikia, akala kidogo, akauliza anaweza kujinyoosha kidogo kabla ya chai.

Chai imepoa. Alilala jana, amelala usiku kucha, na sasa jua limeshapanda na bado amelala, mdomo wazi, mkono mmoja umeushika upindo wa gauni langu. Kikao cha korti ni wiki ijayo. Kuna mengi ya kukuambia lakini leo naishia hapa, Mama. Kalamu hii inakwaruza, nisije nikamwamsha.

Dinah